Sentensi za Sinema Zimenifungia Lango la Kitisuru

Shangazi Rachael mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimeshikwa pabaya na sijui nianzie wapi. Mimi ni fundi wa tiles, naishi Waithaka na mke wangu Namalwa, na kwa miaka mingi nimeona mafundi wanaojua Kiingereza wakipewa kazi za maana huku mimi nikibaki kuziba nyufa za vyoo vya ploti za wapangaji, basi mwaka huu nikaamua nitajifunza kupitia sinema. Nilikuwa nimezoea zile ambazo DJ anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu, ni tamu lakini hazikufundishi neno, kwa hivyo nikaenda mjini River Road kwa Macharia anayeuza filamu, akaniambia, "Boss, za vita utasikia bunduki tu. Beba za mapenzi, hao wanaongea mpaka wanalia." Akanijazia flash nzima, nami kila nikitoka kazini nanakili sentensi kwenye daftari, sasa zimepita mia tatu.

Mwezi uliopita nikapata kazi ya bafu Kitisuru kwa Mama Shiru, na mumewe, Mzee Mungai, akaipenda mpaka akaniahidi sakafu za nyumba zote za kukodisha anazojenga huku Waithaka, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nianze Jumatatu. Sasa juzi Mama Shiru akanipigia kwamba maji yanasimama kwenye kona, nikaona aibu, nikafungua daftari nikamwandikia kwa Kiingereza kwamba tatizo si yeye, ni mimi, kwamba namuwaza kila saa, anipe nafasi ya mwisho nimwonyeshe nimebadilika. Nilimaanisha bafu, Shangazi! Kumbe simu ya Mama Shiru ilikuwa mkononi mwa Mzee. Akanipigia, "Wewe unamuwaza bibi yangu kama nani?" nami kwa hofu nikamjibu na sentensi ya kwanza iliyonijia, kwa Kiingereza vilevile, kwamba si vile anavyofikiria na naweza kueleza kila kitu. Akakata.

Nilipofika langoni askari akaniambia, "Fundi, wewe umekatazwa hapa. Hata picha yako wamebandika kwa ukuta." Mashine yangu ya kukata tiles iko ndani. Namalwa, ambaye alisoma mpaka fomu foo, alizisoma zile meseji, hakusema kitu, akanirudishia simu akaendelea kukata sukuma wiki. Je, nimwandikie Mzee barua ndefu ya Kiingereza? Niko na sentensi nzuri sana za kuomba msamaha.

Zadock, Waithaka

Zadock, thubutu! Usimwandikie mtu chochote. Nimecheka mpaka nikamwaga chai, kisha nikakuhurumia, kwa sababu kujifunza si kosa, na fundi anayeona aibu kwa kazi mbovu ni fundi wa kuaminika. Lakini niambie, katika flash hiyo nzima, ni mwanamume gani aliyesema "si vile unavyofikiria" akapatikana hana makosa? Ulizitazama mpaka mwisho, au ulikuwa unanakili tu?

Na nani alikwambia Mzee Mungai anataka Kiingereza? Alikuahidi kazi baada ya kuona bafu, si baada ya kusoma daftari. Hata hasira zake alikutolea kwa Kiswahili, wewe ukamjibu kwa lugha ya wapenzi.

Kesho asubuhi nenda langoni na Namalwa, mkiwa na lile daftari. Mwombe askari ampigie Mzee, umwambie kwa Kiswahili chako cha kila siku, "Mzee, nilikosea mteremko wa bafu, nimekuja kuurudia." Akija langoni, mpe daftari alisome mwenyewe, aone meseji zako zilitoka wapi. Akifika ukurasa wa tatu atakuwa anacheka. Mama Shiru mwombe radhi mbele ya mumewe, maneno mawili tu, unyamaze. Halafu ng'oa ile kona, uipange upya, na ikishakauka umwage ndoo ya maji wote wakitazama. Maji yakienda, Jumatatu yako ipo.

Sinema usiache, ila Namalwa akae kando yako. Una mtu wa fomu foo ndani ya nyumba, halafu unapanda matatu kwenda kutafuta mwalimu River Road! Na usidhani alinyamaza kwa sababu hakuelewa. Alielewa kila neno. Sentensi mia tatu za mapenzi, Zadock, na ya kwanza umemtumia mwenye bafu. Kabla hamjatoka kesho mpe mkeo sentensi yake, na hiyo usiitoe kwenye daftari.