Jibu Nililompa Mkwe

Majengo, Tunduma
11 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa Enesi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha leo. Mguu wako unaendeleaje, umeanza kushuka shambani au bado unashinda barazani? Shemeji mzima? Maharage mmeshavuna? Huku baridi imeingia, vumbi la malori ni lile lile, na shemeji yako Kefa hajambo, anakusalimia sana. Mimi nipo, dada. Nimeandika nipo kwa sababu sijui niandike nini kingine.

Najua umenipigia mara nyingi bila kunipata. Simu ikilia siisikii, na nikiipokea nasikia kama mchanga unamwagwa kwenye bati. Ujumbe wa simu nao hufunguliwa na wajukuu wako, na haya si ya wajukuu. Ndiyo maana nimempa barua Tulinagwe, anakuja Itumba kesho.

Unakumbuka nilivyogundulika. Nilikwenda kumtolea damu mama mchungaji, nikarudishwa, nikaambiwa nina homa ya ini aina ya C. Daktari kule Mbeya akanipa vidonge vya wiki kumi na mbili. Alisema nikivimaliza bila kuruka siku, watu wengi hupona kabisa. Nikiacha katikati, ugonjwa unaweza kubaki na ini likaendelea kuharibika. Wewe ulifunga siku tatu kwa ajili hiyo. Sijasahau.

Wiki ya tatu masikio yakaanza. Kwanza mlio mwembamba, halafu ukanenepa, ukawa kama mashine ya kusaga ya Wiliam imefungwa kichwani mwangu na mwenyewe kaondoka na ufunguo. Nilijitahidi. Nikijilaza, nilifungulia redio kidogo karibu na mto, ili mlio upate mwenzake. Kanisani nilihamia benchi la mbele nimwone mchungaji mdomo. Wazambia wanaonunua mchele kwangu niliwaomba waonyeshe kilo kwa vidole. Siku moja walicheka nami nikacheka nao, baadaye Kefa akanieleza kuwa bamayo, yaani mama kwa lugha yao, aliyekuwa anachekwa ni mimi. Yeye mwenyewe nilimwomba anyoe masharubu nione midomo yake. Akanyoa, akasema hata tulipokuwa wachumba sikuwahi kumkodolea macho hivyo.

Nilimrudia daktari. Akanimulika masikio, akanipima, akasema huenda ni dawa na huenda siyo, atafuatilia, ila nisije nikaacha kwa uamuzi wangu mwenyewe. Nikamwahidi. Kwa wengine nilinyamaza, na zaidi kwa Gwamaka, mume wa Angel. Niliona aibu mkwe ajue nina ugonjwa wa damu na uziwi juu yake.

Sasa nikuambie kilichotokea. Unajua sisi na wakwe. Gwamaka hajawahi kuniangalia usoni tangu amwoe Angel. Akija anasimama nje ya ukuta, mimi nakaa ndani nimempa mgongo, tunaongea hivyo. Siku ile alikuja na bodaboda kutoka Mpemba, asubuhi. Niliona kivuli chake mlangoni, nikageuka upesi kama inavyotakiwa. Nikangoja. Mashine ilikuwa inasaga kuliko siku zote. Nikadhani ameleta mahindi, maana alikuwa ameahidi. Nilipoona kivuli kimetulia nikajua amemaliza, nikamjibu, haya baba, wasalimie wote.

Dada, alikuwa ananiambia Angel anatoka damu, mimba ina miezi saba, na anamwita mama yake. Bodaboda ilikuwa inaunguruma nje inanisubiri mimi. Naye mkwe hawezi kumrudia mama mkwe mara ya pili kama vile anamlazimisha. Akaondoka.

Nilipata habari jioni, Kefa aliporudi. Nilipofika kituo cha afya mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kanga. Wa kiume. Angel alinitazama nikiwa mbele yake kabisa, na maneno yale niliyaona yote yakitoka mdomoni mwake: "Mama, nilikuita. Ukasema wasalimie wote."

Nilimweleza habari ya masikio. Aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo hajaja kwangu, na nikienda kwake ananipa kiti na chai, basi.

Lililo zito zaidi sijamwambia mtu. Siku tuliyomzika mtoto nilirudi nyumbani, nikachukua vidonge vyote vilivyobaki, nikavimwaga chooni. Nilikuwa siku ya arobaini na saba kati ya themanini na nne. Nilidhani nikiacha, masikio yatafunguka, nami nitaweza kusikia walau kilio cha mwanangu. Hayajafunguka. Imefika wiki ya saba na mashine inasaga. Kwa hiyo sina masikio, sina dawa, na ugonjwa wangu ninao. Sijamrudia daktari, nitamwambia nini, na nilimwahidi?

Kefa nilimwambia nimemaliza. Alifurahi akalia. Akawaambia wazee wa kanisa, nao wametangaza ibada ya shukrani kwa ajili yangu, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Ndiyo hiyo waliyokualika, ambayo nasikia umeshashona nguo yake. Kila mtu anataka nisimame mbele niseme Mungu alivyonitendea. Najaribu kuomba, dada, lakini hata sauti yangu mwenyewe siipati, nasema maneno halafu nabaki nimekaa. Sijui kama nastahili kuomba uponyaji nilioumwaga kwa mkono wangu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Usimwonyeshe mtu barua hii. Kama bado utakuja, niambie; na kama hutakuja, niambie pia, sitakulaumu. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Jumapili hiyo, kwa mkono wa Tulinagwe.

Ni mimi mdogo wako,
Yunisi