Risasi Tano za Kwanza

Falls Church, Virginia
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa baada ya zile mvua. Masikio sikuulizi, jibu nalijua: bunduki ziliyamaliza, ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana kama watu wa zamani wakati kaka Method, aliye hapo nyumbani, ananipigia simu tu. Mimi sijambo. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye kucha, lakini kazi ya kompyuta haina jua wala mvua.

Sasa keti vizuri. Nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha! Usicheke. Bunduki yangu ni ile ndogo, ya risasi nyembamba zilizopakwa nta. Tunalala kifudifudi, shabaha iko mita hamsini, na duara la katikati ni dogo kuliko kifungo cha shati.

Nakumbuka ulivyonifundisha nikiwa darasa la tano, kwa ufito wa mwavuli na kitambaa cheupe: "Silaha chafu ni aibu ya mwenye nayo." Basi kila Ijumaa jioni nausugua mtutu mpaka kitambaa kinatoka cheupe pe, napaka mafuta, na Jumamosi naingia uwanjani. Ila kuna kitu kinanitesa, Baba. Risasi tano za kwanza zinatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Baadaye zinatulia. Mashindano ni Juni, na kila risasi inahesabiwa. Mkono wangu una nini? Niambie wewe uliyekaa na silaha miaka ishirini na minane.

Mwanao,
Leokadia


Kashai, Bukoba
3 Machi 2025

Leokadia mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima. Goti linatabiri mvua kuliko redio, mama yako anasema nilitafutie ajira. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea paroko. Binti yangu analenga shabaha Marekani! Watu wa hapa wananiona kama nimerefuka.

Sasa sikiliza. Mkono wako hauna kitu. Mtutu ndio hujausafisha vya kutosha. Kitambaa kikitoka cheupe, pitisha kingine. Mimi nilikuwa fundi silaha wa kikosi, na hakuna bunduki iliyotoka ghalani kwangu na hata chembe ya masizi.

Nikupe habari ya Eliudi, iwe funzo. Alikuwa koplo wetu, rafiki yangu wa kula sahani moja, na mlengaji ambaye sijaona mfano wake. Mwaka 1994, jioni ya kuamkia mashindano ya brigedi, alikuja ghalani akaniomba: "Afande, bunduki yangu iache ilivyo. Tumeshazoeana." Nikamwambia upuuzi huo ampelekee mganga. Nikamwamuru akae pembeni, nikaisugua mwenyewe, nikaipaka mafuta mpaka ikang'aa. Akatii. Kesho yake risasi zake tano za kwanza zikaenda hovyo mbele ya wakubwa wote. Wengine wakasema amekunywa, wengine wakasema mkono unatetemeka. Nilipoulizwa, nikasema silaha niliikabidhi ikiwa safi. Wakamtoa kwenye timu, hakurudi tena. Siku hizi yuko Muleba. Tunaonana misibani, ni salamu tu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sugua, mwanangu.

Baba yako,
Respicius


Falls Church
20 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mwambie Mama kitenge kimefika, na nimekivaa kanisani leo. Mimi mzima, ila barua hii nimeianza mara nne nikaichana.

Nilisugua kama ulivyoagiza. Ikawa mbaya zaidi. Jana mzee mmoja wa klabuni akaja kusimama nyuma yangu. Anaitwa Bomani, Mmarekani Mweusi, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni. Anaongea kama msoma taarifa ya habari. Akasema, "Binti Leokadia, mbona unaiogesha mno silaha hii?" Nikamjibu ndivyo alivyonifundisha baba yangu. Hakunicheka. Akasema tujaribu, tuone kwa macho.

Tukausafisha mtutu mpaka ukameta, tukaifunga bunduki juu ya meza kwa kibano cha chuma, ili mkono wangu usiwemo kabisa. Karatasi ya kwanza, risasi tano. Baba, matundu matano, kila moja na njia yake! Na hakuna mtu aliyeishikilia. Kisha tukapiga ishirini nyingine bila kusafisha. Tukaweka karatasi ya pili, risasi tano. Nikachungulia kwa darubini, naona tundu moja tu. Nikadhani nne zimekosa karatasi nzima. Nikatembea mita hamsini mpaka pale. Yesu na Maria! Zote tano zimepita mlango mmoja. Nilisimama nimeziba mdomo kwa kiganja. Na Bomani, mwenye miaka sabini na minne, ambaye ameyaona haya mara elfu, alivua kofia.

Alinieleza hivi. Kila risasi inaacha nta kidogo ndani ya mtutu, na inayofuata inapita juu ya nta hiyo. Mtutu uliosuguliwa hauna nta, una mafuta tu, kwa hiyo risasi za kwanza zinapita kwenye njia ambayo haijatulia. Si kwamba usisafishwe kamwe. Unasafishwa, halafu unapigishwa risasi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Hata bunduki za jeshi, anasema, mafuta yakibaki mtutuni, risasi za kwanza haziendi unakolenga.

Baba, nilipofika kwenye gari nikamkumbuka Koplo Eliudi. Nilikaa pale kwenye maegesho nusu saa bila kuwasha injini. Siku ile alipewa risasi za kujaribia, au alianza moja kwa moja?

Karatasi zote mbili nimeziweka humu. Nisamehe kama nimekosa adabu.

Mwanao,
Leokadia


Falls Church
22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Wiki ya tisa hii sijapata hata mstari wako. Method anasema unakula, unalala, ila unashinda barazani na karatasi zangu mbili na huongei na mtu. Goti linasemaje?

Jana nimeshindana. Sijausafisha mtutu kwa wiki mbili, na mkono ulikuwa unataka kuushika ule ufito, nikauzuia. Risasi ya kwanza ilikwenda katikati. Nimekuwa wa tatu kati ya watu arobaini na mmoja. Bomani alinikumbatia, mimi nikalia, na sikuwa nalilia ushindi. Nilikuwa naogopa kwamba nimekuumiza. Nijibu, Baba, hata kwa kunigombeza.

Mwanao,
Leokadia


Kashai, Bukoba
14 Julai 2025

Leokadia mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti limetulia, mama yako anakusalimu. Uliuliza kama alipewa risasi za kujaribia. Hakupewa. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile nilipolisoma swali, nikashindwa kuliandika.

Jumamosi nilikwenda Muleba na karatasi zako. Eliudi alinipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikazitandaza karatasi mezani, nikamweleza yote: kibano, mafuta, nta, zile risasi ishirini. Nikamwambia, "Eliudi, niliyekuangusha ni mimi. Na nilipoulizwa, nilijitetea mimi." Miaka yote nimewaambia watu asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe yeye alisikia, na guu likavunjika lake.

Nilitegemea anifukuze. Akachukua ile karatasi ya tundu moja, akaingiza ncha ya kidole, akasema "Hee!" kama mtoto. Hata mimi, fundi silaha, kila nikiitazama mwili unanisisimka. Halafu akaichukua ile ya matundu yaliyotawanyika. Akauliza, "Na hakuna mtu aliyeishika bunduki?" Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema hakuna, Eliudi, ilifungwa mezani. Basi akalia.

Mwanangu, miaka thelathini na mmoja nilidhani ananichukia. Kumbe aliwaamini wale watu. Aliamini kweli mkono wake ulitetemeka. Hata mbuzi wa Krismasi humpa jirani amchinjie, kwa kutouamini mkono wake.

Wakati wa kuaga nikamwambia achague karatasi moja abaki nayo. Nilijua atachukua ile nzuri. Akachukua ile mbovu, akamwita mkewe kutoka jikoni, akamwonyesha: "Tazama, mama. Humu hamna mkono wa mtu." Mke wake akaitazama, akaitazama tena, akaenda kuitafutia fremu. Ile nzuri nimerudi nayo, iko juu ya redio.

Hongera kwa nafasi ya tatu. Jumamosi ijayo Eliudi anakuja kula kwetu, na anasema mbuzi atamchinja mwenyewe. Wewe huko, usiusugue mtutu siku ya kuamkia mashindano. Hiyo ni amri, mwanangu, nimetumwa na Koplo Eliudi.

Baba yako,
Respicius