Jasho la Mwoka Mikate

4 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi natembea tu, mwili si wangu.

Unakumbuka nilikwambia kuhusu yule mwanamke wa mwaka jana, na kondomu iliyopasuka? Nimepima VVU mara mbili, mara ya pili miezi mitatu ilikuwa imeshapita. Sina. Lakini mbona nikilala natoka jasho mpaka shuka inakamuliwa? Mikono ina vipele, suruali zinanivuka. Nikiuliza simu, inanizika.

Na yule mshonaji niliyempenda anauliza kwa nini namkwepa. Nimjibu nini?

Mwanao wa mikate

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, ila yananifikisha.

Daktari kasema huna, mara mbili, nawe unambembeleza aseme unacho? Hivyo vipele kamwonyeshe yeye, siyo simu. Na mshonaji mwambie yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hata maradhi yenyewe huna, unaficha nini?

Shangazi yako

2 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Kimya hiki ni cha nini? Simu hupokei, barua hujibu. Sijalala vizuri wiki nzima. Hata kama ni habari mbaya, niletee tuibebe wawili.

Shangazi

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa nahama.

Nilimweleza mshonaji. Alikata uzi kwa meno, nikajua nami nimekatwa. Kisha akasema, "Twende tukapime wote."

Tulikwenda. Hatuna, wote wawili. Nikaanza tena, "Lakini daktari, jasho..."

"Hilo la virusi limekwisha," akasema. "Sasa niambie, unalala wapi?"

"Chumba cha nyuma ya tanuri la mikate."

"Huko hata jiwe lingetoka jasho! Na vipele hivi ni vya unga. Unakula lakini?"

Mshonaji akadakia, "Hali huyu, anasoma simu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nililia, Shangazi, mbele za watu, na sikuona haya.

Nimepewa mafuta ya kupaka na glovu za kukandia. Chumba kipya kina dirisha, nalala kama gogo.

Sasa ni zamu yako kupimwa. Usiogope: kiuno, mabega na urefu tu. Mshonaji anasema mama mkwe mtarajiwa hatavaa gauni la kukisia.

Mwanao