Pumzi ya Ngoie

Mama yangu,

Ngoie amefanyiwa upasuaji. Nilidhani nikikuandikia haya nitalia, lakini mkono unaandika tu.

Wewe ndiwe uliyegundua. Sisi tulikuwa tunacheka, tukisema mtoto wa miaka minne anakoroma kama dereva wa lori. Mchana ule alipolala mkekani baada ya kula bukari, ulitukatiza maneno: "Munyamaze. Mutoto hapumue." Tukamtazama. Kifua kilikuwa kinavutika, hewa haiingii. Kisha akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Ukampakata, kichwa begani mwako, akalala hivyo hadi jioni. "Umupeleke kwa munganga," ukaniambia.

Daktari alimulika kooni akasema amigdale, zile tezi za kooni, zimevimba, na nyama za nyuma ya pua pia, njia ya hewa imebaki nyembamba mno. Kwanza alitoa dawa ya kupulizia puani ili uvimbe utulie. Wewe ndiwe uliyempulizia, ukimwimbia asilie. Uvimbe haukutulia. Daktari akasema basi zitolewe. Kabla siku hiyo haijafika, tukakuzika.

Tangu hapo sisikii kitu moyoni, mama. Kwenye matanga watu walilia, nami nikawa napanga viti. Hospitali ikawa vivyo hivyo. Muuguzi alimbeba Ngoie, mtoto akaninyooshea mikono, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi nikitazama viatu vya wapitao. Baba Ngoie aliyekuwa akisali aliniuliza, "Hauogope?"

"Sijue," nikamjibu.

Daktari alipotoka na kusema yote yameenda sawa, nilisema merci, nikauliza choo kiko wapi.

Siku za kwanza alikataa hata uji. Sasa anakula. Analala mdomo umefungwa, kimya, nami naweka kiganja karibu na pua yake ili nijue yupo. Hewa inatoka, ya vuguvugu. Watu wa kanisa la Manika wanakuja kushukuru pamoja nasi. Nawapikia chai, naitikia amina.

Kidonda kilipopona, sauti yake ilibadilika. Zamani alizungumza kama mwenye mafua. Sasa ni nyembamba, inafika hadi kwa jirani. Jana alisimama mlangoni pa chumba chako akaita, "Nkambo! Nkambo, kuya!" Akangoja. Nilisimama na sufuria mkononi, nikawaza kwamba hata ungekuwa ndani usingejua ni mjukuu wako anayekuita. Hukuwahi kuisikia sauti hiyo.

Naishia hapa, mama. Sasa ananiita mimi.

Binti yako,
mama Ngoie