Panga Boi Langu na Vidole vya Hoza

Jumamosi. Ukungu umeikalia Lushoto tangu alfajiri, baridi inauma masikio, na shavu langu la kushoto limevimba hadi jicho limebaki kijitundu. Naandika humu bloguni kwa jicho moja. Na bado mimi ndiye mwenye boti ya rimoti yenye mbio kuliko zote huku milimani.

Hilo nilitaka nilitangulize kabla ya baya.

Mnaojua hesabu mtanisahihisha, mimi shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha. Boti yangu ni dumu la mafuta ya kula nililolipasua kwa urefu, mota nimeing'oa kwenye drili mbovu. Ilikuwa inatambaa tu. Nikaongeza seli za laptopu iliyokufa, nikaziunga kwa kufuatana, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, umeme ukapanda. Mota ikaanza kunuka kama nywele zinazoungua. Nikaizungushia kibomba cha shaba ili maji ya bwawa yapite humo yakiipoza. Betri nikazisogeza nyuma, pua ikainuka. Likabaki panga boi, lile linalozunguka nyuma na kuisukuma boti. Lile la plastiki nililitupa, nikakata jipya kwenye kifuniko cha sufuria ya mama (mama, shikamoo, kilikuwa kimeshatoboka), nikalinoa kwa tupa hadi likanyoa malaika ya mkono wangu. Makali membamba yanapasua maji, hayayakorogi. Siri hiyo nawapa bure.

Sasa Hoza. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, fundi cherehani karibu na soko, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Anaweza kukutukana msibani, akakuvua kofia, akala ubwabwa wako mbele yako, na wewe kazi yako ni kucheka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wazee wanauliza ulilelewa na nani.

Hoza amenishinda kila tuliposhindana. Leo tukakubaliana: anayeshindwa anang'oa mota yake mbele za watu na kumkabidhi mwenzake. Mimi mota ni hiyo hiyo moja. Ikienda, narudi kuwa mpalilia karoti kama wengine.

Tulikwenda kwenye bwawa la kumwagilia, kule chini ya mashamba ya kabichi, mapema kabla zamu ya maji haijaanza, bwawa likiwa limejaa. Unakwenda hadi kwenye mti uliosimikwa katikati, unauzunguka, unarudi. Vijana walijaa ukingoni.

"Injinia wa madumu!" Hoza akapaza sauti. "Hiyo ni boti au beseni la kuoshea maiti?"

"Kaa kimya, sindano wewe! Leo unarudi kwa mama yako na boti isiyo na moyo."

"Moyo gani, na yako inakohoa kabla haijaoga?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ndiyo kanuni.

Nilipoachia, boti yangu iliruka kama imepigwa teke. Pua juu, nyuma inarusha maji, panga boi linalia kama nyigu kwenye kopo. Hata wapambe wa Hoza walisogea ukingoni waone. Niliuzunguka mti yeye akiwa bado anautafuta. Nilianza kupiga mbinja.

Ndipo akaacha njia yake, akakata kona na kuigonga yangu ubavuni. Makusudi. Dumu likapasuka kwa mlio, boti ikapinduka tumbo juu. Yake ikapita polepole hadi ukingoni kama bibi harusi.

Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Hoza akakunja suruali, akaingia majini, akaiinua boti yangu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. "Jamani, maiti imepatikana! Leteni sanda!"

Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kijiti cha mwendo. Niliona mkono wake wa kulia umeshika wapi. Niliuona vizuri kabisa.

Nikakisukuma kijiti hadi mwisho.

Sauti ilikuwa kama karoti mbichi ikikatwa. Damu ilimruka usoni na kwenye shati, boti ikaanguka majini ikiendelea kusaga, maji yakageuka rangi ya matunda damu. Vidole viwili. Kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi. Hoza hakulia. Aliutazama mkono wake kama nguo aliyokosea kuikata.

Kaka yake, Shabani, alinifikia kabla sijapumua. Kibao cha kwanza nilisikia masikioni kengele, ngumi ikafuata, nikaenda chini, akanipiga teke la mbavu, akanishika shingo na kunizamisha kichwa kwenye tope la bwawa. "Umemmaliza fundi! Atashona na nini? Atashona na nini?" Kila nikitoa kichwa ananirudisha. Nilikunywa maji yenye damu ya ndugu yangu.

Aliyeniokoa ni Hoza.

"Mwache, kaka! Mtani wangu huyo! Rimoti imejiwasha tu, hizi zinajiwashaga."

Shabani akaniachia. Watu wote wakanigeukia. Nami, tope mdomoni, nikasema: "Eeh. Imejiwasha."

Hospitalini wamemshona. Daktari anasema cha kati kitapona, ila kile cha shahada wanakisubiri. Kikiwa cheusi kinakatwa. Hicho ndicho anachosukumia kitambaa kwenye sindano.

Jioni hii kanitumia sauti kwenye simu. Anacheka, lakini pumzi inakatika katikati. "Injinia, boti yako ina mbio kweli. Kidole changu hakikuiona ikipita. Ungenishinda leo, njoo uchukue mota yako na yangu."

Nimeisikiliza hadi chaji ya simu imekaribia kuisha. Shabani alinipiga vizuri, lakini alinipigia vidole; kwamba nilimkasirikia mtani, hilo hakulijua. Mbavu zinauma na bado najiona sijapigwa.

Hoza, najua huwa unapita humu kutafuta cha kunichekea. Rimoti haikujiwasha. Ni mimi. Nilikasirika, na niliona mkono wako ulipo.

Kesho nikishaswali alfajiri nakuja kwenu. Mota sitaki. Nisubiri nyuma ya nyumba, shangazi asituone. Mkono wako wa kushoto ni mzima, na mimi uso sitaukinga.