Maji ya Bibi kwenye Kompyuta ya Kaka

Jumanne usiku

Bado sijaiwasha kompyuta. Kaka aliniachia niweke kadi mpya ya picha ili magemu yasikwame, akasema nikiiharibu nisiguse kitu chake tena. Leo nimerudishia mabomba ya kuipoza. Pampu pekee nimeiunganisha na umeme, inazungusha maji, na chini nimetandika tishu nione kama yanavuja.

Mchana bibi alifika na dumu la maji kutoka kwao Matombo. "Tia haya, mjukuu wangu. Ya mlimani, si hayo ya bomba lenu."

Nikaona aibu kumwambia yataacha chumvi ndani. Nikatia kimyakimya maji ya betri, yasiyo na chumvi, yake tukapikia chai.

Jioni akachungulia. "Unaona maji yangu yanavyokimbia!" Nikacheka tu.

Nimeamka tena kugusa tishu. Kavu. Zikilowa, kaka atanilaumu mimi, na bibi atajilaumu bure.