Ludi, Chai Bado ya Moto

Mtaa wa Majengo,
S.L.P. 73,
Tunduma.
18 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Ketrina,

Shikamoo. Habari za Kasulu, na kifua chako kinaendeleaje? Huku hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri na mtaa wetu umekuwa tope tupu. Bibi alikuja Krismasi kutoka Hasamba na bado yupo, ingawa kila asubuhi anatangaza kwamba palizi ya mahindi inamngoja. Mimi nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na nikiyafikiria sana nakosa hamu ya kula.

Shangazi, nina habari! Ningekupigia, lakini unanijua, kwenye simu naishia kusema "ndiyo" na "haya." Kwenye karatasi angalau sitetemeki.

Tuna wimbo! Ni mimi, Zuleha na binamu yake Ikram, wale wa duka la vitenge. Tunajiita Vitenge Vitatu. Tuliurekodi Desemba kwa Kefa, mwenye studio nyuma ya fundi simu, chumba chenye magodoro ukutani. Ni wimbo wa kucheza, mdundo wake haukuachi umekaa. Kiitikio nilikiandika mimi: "Rudi, chai bado ya moto, rudi, kiti chako ni kilekile."

Hapa sasa naomba unisamehe. Unakumbuka nikiwa darasa la tatu ulivyonikalisha barazani niseme "rangi, redio, rula" mpaka ulimi ukauma, kwa sababu wenzangu walikuwa wananiita Lula? Mbele ya maiki yote yalipotea. Niliimba "ludi." Mara nane, Shangazi.

Kefa aliniuliza, "Atupele, hiyo R umeiacha kwa bibi yako Mbozi?" Zuleha alicheka mpaka akakaa chini. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu Zuleha arudie sehemu yangu, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka. Nilikubali. Nilirudi nyumbani nikamenya viazi kuliko vilivyohitajika.

Lakini Ikram, kwa haraka zake, alikuwa ameshamtumia kaka yake dereva wa lori ule wimbo wenye makosa. Foleni ya malori ya mpakani unaijua, watu wanakaa siku mbili tatu hawana la kufanya. Kufikia Jumatatu "ludi" ilikuwa imetoka lori hadi lori, ikavuka hadi Nakonde upande wa Zambia, ikarudi kwa bodaboda. Kefa alipotoa ule uliosahihishwa, watu wakaukataa. Mama mmoja wa saluni alimwambia usoni, "Huu feki. Tupe wa ludi!"

Sasa unachezwa kila mahali, mkono mmoja juu kama anayemimina chai kutoka kwenye birika. Hata Wazambia wasiojua maana yake wanamimina. Nikienda sokoni nainamisha kichwa, si kwa huzuni, ila sijui uso niuweke wapi.

Jana Jumamosi tuliitwa kuimba kwenye mahafali ya chuo, uwanjani. Nilidanganya kwamba tumbo linaniuma. Studio nilikosea bila kujua, lakini jukwaani ningekosea mbele ya mji mzima, nao wangenicheka kama wale wa darasa la tatu. Kefa alituma ujumbe kwamba nisipopanda jukwaani siku hiyo, Zuleha ataimba sehemu yangu siku zote.

Bibi akaingia chumbani, akanitazama. "Tumbo gani hilo linaloomba chapati ya pili?" Akanifunga kitenge kiunoni kwa mikono yake, akakaza.

Nilipanda. Nilifumba macho. Nikaimba "Ludi," na uwanja mzima ukanijibu, "Ludiii!" Nikafumbua macho nione kama wananicheka. Walikuwa wanamimina chai, Shangazi, wote! Na Zuleha, pamoja na R zake zote, alikuwa anaimba "ludi" kunizidi.

Bibi alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki. Alisimama ghafla akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika jukwaani, "Maneno yangu hayo! Namwambia Ketilina kila Jumapili kwenye simu!"

Na ni kweli. Mimi sikutunga chochote. Niliandika tu anayokuambia tangu ulipohamishiwa huko, mwaka wa nne sasa. Nadhani ndiyo maana ile R ilinikataa. Masikioni nilikuwa namsikia yeye na "ludi" zake.

Leo baada ya ibada amenituma nikuandikie, na maneno ni yake: "Mwambie nilimwita peke yangu hakusikia. Sasa ameitwa na Tunduma nzima. Atajitetea na nini?"

Nimekuwekea memori kadi ndani ya bahasha. Ukiwasikilizisha wanafunzi wako, tafadhali usiwaambie ni nani aliyenifundisha matamshi.

Baba na mama wanakusalimu sana. Zuleha na Ikram wanakuamkia ingawa hawajawahi kukuona. Wabusu wadogo zangu Luka na Rubeni, uwaambie nitawafundisha kumimina. Mungu akutunze huko uliko, na barabarani pia, maana likizo ya Pasaka haiko mbali.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu,

Atupele

N.B. Kile kiti chako cha Hasamba, Bibi bado hamruhusu mtu akikalie.